Kampuni Zikiungana, Mwenye Hisa Ndogo na Aulize

(Haya ni maneno aliyoyasema ndugu yetu mmoja wa idara ya mabehewa ya reli, mbele ya wanachama na jamaa zao katika mkutano wa Nyaramba. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.)



Kwanza nataka mjue kwamba mimi si mwanasheria wala si mtu wa benki. Nilisoma katika shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikaingia kazi ya reli, na kazi yangu ni kukagua mabehewa. Katibu wetu ameniomba niseme habari ya hisa na kampuni zinazoungana, kwa sababu ya jambo lililonikuta hapa hapa Nyaramba nilipokuja likizo.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alinijia jioni akiwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na bahasha nyingi, nyingine zimeliwa na mende, na nyingi hazijafunguliwa. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi kama sisi, na mwaka 2008 alinunua hisa za kampuni ya simu. Mzee alipofariki bahasha ziliendelea kuja, na mama aliogopa kuzifungua. Akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hizi zinanidai au zinanipa?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinikosesha usingizi. Maana mama yule si peke yake. Katika nyumba nyingi za wafanya kazi kuna bahasha kama zile, na siku kampuni mbili zinapotaka kuungana, au mtu mkubwa anapotaka kumnunua mwenzake, habari hutumwa kwa bahasha au kwa ujumbe wa simu, na sisi hatusomi. Ndiyo sababu nasema leo.

Hisa ni kitu gani? Watu wa Nyamira hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa maneno makubwa. Mkulima anayepeleka majani ya chai Sanganyi au Kebirigo anajua kwamba kiwanda kile ni kampuni, na kwamba wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Hisa ni sehemu ya mali. Ukiwa nayo, wewe ni mwenye nyumba, hata kama sehemu yako ni tofali moja. Una haki ya kupewa fungu lako la faida ikigawanywa. Una haki ya kuitwa mkutanoni, kuuliza, na kupiga kura. Lakini tofali moja halina sauti kubwa, na wenye matofali mengi wanajua hivyo.

Sasa nataka tuitazame kampuni moja ambayo sisi sote tulikuwa na sehemu yetu ndani yake, hata yule ambaye hajawahi kununua hisa. Wazee mnakumbuka kwamba reli, na posta na simu, zilikuwa mali ya pamoja ya nchi zetu tatu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kila nchi ikachukua fungu lake. Kwetu Kenya posta na simu zilikaa pamoja mpaka mwaka 1999, zilipotenganishwa, na upande wa simu ukaitwa Telkom Kenya. Hata Safaricom ilianza mwaka 1997 kama mtoto wa shirika hilo hilo. Kwa hiyo watu wa simu ni ndugu zetu watu wa reli.

Mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali iliuza sehemu 51 katika 100 za Telkom kwa France Telecom na wenzake, kwa dola milioni 390 za Marekani. Kabla ya mauzo hayo maelfu ya watumishi walikuwa wamepunguzwa. Serikali, yaani wananchi, ikabaki na sehemu 49. Kisha kampuni ikahitaji fedha zaidi, Serikali haikutoa fungu lake, na sehemu yetu ikashuka mpaka 30. Mwaka 2016 Wafaransa wakaondoka, kampuni ya Helios ikaingia, na sehemu ya Serikali ikapanda tena kufika 40. Tazameni jinsi sehemu ya mwananchi ilivyopanda na kushuka. Ni wangapi kati yetu tuliojua siku ile iliposhuka? Mimi sikujua.

Basi, mwezi wa Februari 2019 Telkom na Airtel Kenya zikatangaza kwamba zitaungana. Sababu yao ilikuwa na maana, wala sitaki kuificha. Safaricom ilikuwa na zaidi ya wateja 60 katika kila 100 nchini, na hawa wawili walikuwa wadogo. Walisema kwamba wakiwa pamoja wataweza kushindana. Mashindano ni mazuri kwa mwananchi, maana humpunguzia gharama za simu.

Lakini tuhesabu kama watu wa sokoni. Ilisemwa kwamba katika kampuni mpya upande wa Telkom ungeweza kuwa na sehemu zisizozidi 49. Serikali ilikuwa na sehemu 40 katika 100 za Telkom. Chukua 40 katika kila 100 ya zile 49, utapata 19 na kitu. Yaani mwananchi angetoka kwenye sehemu 40 akaingia kwenye sehemu zisizofika 20, ndani ya kampuni ambayo mwingine ndiye anayeshika usukani.

Mtu atasema, "Kipande kidogo cha ugali mkubwa chaweza kumshibisha mtu kuliko kipande kikubwa cha ugali mdogo." Ni kweli kabisa. Lakini kabla ya kukubali ni lazima uuone ugali wenyewe, na ujue unga ulikopwa kwa nani. Safaricom ilijitokeza mwaka ule ikasema kwamba inawadai wawili hao, na ikataka madeni yatazamwe kabla ya muungano kukubaliwa. Tena ilitangazwa kwamba nyumba na ardhi za Telkom hazingeingia katika kampuni mpya. Hilo laweza kuwa jema, laweza kuwa baya. Mali ikiachwa nje ya muungano, mwenye hisa ana haki ya kujua nani ataitunza na faida yake itakwenda wapi.

Na watumishi je? Katikati ya mwaka ule wengi walipokea barua za kuelezwa kwamba kazi zao zitakwisha. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi nayo ikataka shughuli isimame, kwa kuwa ilikuwa ikichunguza madai juu ya mali ya umma. Mwezi wa Desemba 2019 Mamlaka ya Ushindani ikakubali muungano kwa masharti. Sharti moja lilikuwa kwamba kampuni mpya isiuzwe kwa miaka mitano. Sharti lingine lilikuwa kwamba katika watumishi 674 wa Telkom, wasiopungua 349 wawe na kazi, wengine katika kampuni yenyewe na wengine kwa makampuni yanayoifanyia kazi. Toeni hesabu. Watu 325 hawakuwa na ahadi yoyote. Kila mmoja wa watu hao ana nyumba, na watoto, na karo.

Mwisho wake mnaujua. Mwezi wa Agosti 2020 wakatangaza kwamba muungano umeachwa, maana vibali vilikuwa vigumu kupatikana. Watumishi walikuwa wameishi mwaka mzima na nusu wakiwa hawajui kama kesho yao ni ya kazi au ya nyumbani. Kisha mwaka 2022 Serikali ikazinunua zile sehemu 60 za Helios kwa shilingi bilioni 6.09. Fedha zikatoka kwanza, Bunge likauliza baadaye. Mwaka 2023 Serikali iliyofuata ikaamua kuirudisha nyuma biashara hiyo na kutafuta mnunuzi mwingine. Hayo yote yalifanyika juu ya mali yetu.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba nakuja hapa kuwalaumu wengine. Miaka michache iliyopita nilikuwa mwanachama wa chama kidogo cha akiba na mikopo. Viongozi wakatuita, wakasema chama chetu kitaungana na kingine kikubwa zaidi. Tulipewa soda na mkate. Mtu mmoja alisoma karatasi upesi upesi, kisha akasema wanaokubali wainue mikono. Mimi niliinua mkono. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, nilikuwa naangalia saa ili nisikose gari. Baada ya miezi ndipo tulipopata kujua kwamba chama kile kikubwa kilikuwa na mikopo mingi isiyolipwa. Miaka miwili hatukupata faida yoyote, na mwenzangu aliyeomba mkopo wa kumpeleka mtoto shule alingoja mpaka muhula ukaisha. Mtoto akakaa nyumbani. Kila nikikutana na mwenzangu yule naukumbuka mkono wangu.

Na jambo lililoniuma zaidi ni hili. Kazini kwetu mimi siungi behewa na behewa bila kukagua. Napita kwa miguu upande huu na upande ule, natazama magurudumu, natazama breki, natazama ndoano na mipira ya hewa. Msimamizi akipiga kelele kwamba gari limechelewa, mimi namwambia angoje, maana behewa bovu likiungwa na mazima, yote yataanguka pamoja. Hivyo ndivyo nilivyo kazini. Lakini katika akiba yangu mwenyewe niliacha mabovu yaungwe na mazima, nami niliinua mkono.

Kwa hiyo nimejiandikia maswali manne, na nawaomba nanyi myaandike.

Swali la kwanza: nikiwa na hisa 100 leo, baada ya muungano nitakuwa na nini? Je, nitapewa hisa mpya ngapi, au fedha kiasi gani, na nani aliyepima bei hiyo? Mtu akikujibu kwamba "mtafaidika wote", hajakujibu bado. Jibu liwe na hesabu.

Swali la pili: madeni ni ya nani? Kampuni mbili zikioana, kila moja huja na mahari yake na madeni yake. Ulizeni yote mawili.

Swali la tatu: ni kitu gani kinachoachwa nje? Nyumba, viwanja, minara, fedha za pensheni za wazee waliostaafu. Vitu hivi havipigi kelele, ndiyo sababu husahauliwa.

Swali la nne: wafanya kazi watakwenda wapi? Hapa, ndugu zangu, nataka tuwe wakweli. Mwenye hisa akisikia kwamba gharama zitapungua, moyo wake hufurahi, maana faida itapanda. Lakini mara nyingi gharama zinazopunguzwa ni watu. Sisi tunaokaa hapa tuna miguu miwili: mguu mmoja katika hisa ndogo, na mguu mwingine katika kazi. Haifai mfanya kazi wa reli ashangilie shilingi kumi za faida zilizotoka katika mshahara wa mfanya kazi wa simu. Kesho watumishi wa simu watashangilia zetu.

Msidhani kwamba kuuliza hakuna faida. Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Serikali yao ilikuwa na sehemu 40 katika Airtel Tanzania. Ikauliza maswali juu ya jinsi kampuni ilivyotoka katika mikono ya umma, ikashikilia, na mwezi wa Januari 2019 wakapatana na Bharti Airtel. Sehemu ya Serikali ikapanda kutoka 40 hadi 49 bila kulipia, na madeni makubwa ambayo kampuni ilidaiwa na wenye kampuni mama yakafutwa. Najua kwamba Serikali ina nguvu kuliko mimi na wewe. Lakini hata Serikali isingepata kitu kama ingenyamaza.

Sasa turudi kwa hisa za mama yetu. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, ndiyo robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba. Wengi walikopa. Hisa zilizoombwa zilikuwa nyingi mno, basi mwananchi wa kawaida akapewa kama 21 katika kila 100 alizoomba. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3, na wengi wakauza kwa hofu. Mzee wa mama huyu hakuuza. Aliziweka tu, akanyamaza, akafariki.

Mwezi wa Desemba 2025 ilitangazwa kwamba Serikali itaiuzia Vodacom ya Afrika Kusini sehemu 15 katika 100 za Safaricom, kwa shilingi 34 kila hisa, jumla shilingi bilioni 204.3. Bei hiyo ilikuwa juu ya bei ya soko ya siku zile. Huu si muungano wa kampuni mbili, lakini kwa mwenye hisa ndogo swali ni lile lile. Kwa kanuni zetu za mwaka 2002, mtu akitaka kushika usukani wa kampuni iliyo sokoni, hutakiwa kuwatolea bei wenye hisa wengine pia, isipokuwa asamehewe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mnunuzi huyu alisema mapema kwamba ataomba kusamehewa. Yaani mkubwa apewe bei ya 34, na mama wa Nyaramba abaki na bei ya soko. Labda ana sababu nzuri, na labda mama hataki kuuza. Lakini ni haki yake kuulizwa, na kujua kwamba jambo hili linamhusu.

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Mtu atauliza, "Wewe mkaguzi wa mabehewa, unataka tufanye nini?" Mambo niliyo nayo ni machache.

Kwanza, fungueni bahasha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye hisa aandike katika daftari jina la kampuni, idadi ya hisa na nambari ya akaunti, na mkewe au mumewe ajue daftari lilipo. Faida isiyochukuliwa kwa miaka haikai pale milele. Kwa sheria ya mwaka 2011 hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, na ukitaka kuirudisha ni lazima uandike maombi na kuonyesha karatasi. Warithi nao waweza kudai.

Pili, mkutano wa kampuni una notisi yake, na notisi huja na fomu ya kumtuma mtu badala yako. Siku hizi mikutano mingi hufanywa kwa intaneti na mwenye hisa hujiandikisha kwa simu, hata simu ndogo ya kubonyeza. Sisi wenye hisa mia mia tukiwa mbalimbali hatusikiki. Lakini watu hamsini wakimtuma mmoja wao kwa fomu hizo, huyo mmoja atasimama na maswali manne, na jibu litaandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Tatu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inasema kwamba muungano ukipimwa, hali ya ajira nayo ipimwe. Tena mtu yeyote aweza kupeleka maelezo yake kwa Mamlaka ya Ushindani, hata kama si mmoja wa wanaoungana. Chama cha wafanya kazi ni mtu wa namna hiyo. Tusingoje barua za kupunguzwa zifike ndipo tuandike.

Nne, barua zikifika, kila mtu ajue haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba chama na afisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, pamoja na sababu na idadi ya watu. Yasema pia kwamba anayepunguzwa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mtu asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kumwona katibu wetu.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uchague watu watano, na wawili kati yao wawe akina mama, wakae kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuwasaidia wajane na wazee kusoma bahasha zao. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji miwani, kalamu na subira.

Na mama yule? Tulikaa mezani kwake usiku ule tukafungua bahasha moja moja kwa mwanga wa taa, mwanawe wa darasa la saba akisoma na mimi nikiandika. Ilituchukua mpaka saa tano. Hakuna hata moja iliyokuwa ikimdai. Zote zilikuwa zikimwita mkutanoni, au zikimweleza kwamba kuna kitu chake. Sasa anafuata karatasi za mirathi, na njia bado ni ndefu. Lakini mwaka ujao notisi ikija, ameniambia, ataifungua siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.